Ubunifu na Usanifu: Uhakiki wa Istilahi za Kufundishia Utengenezaji wa Vitu katika Shule za Msingi

Miongoni mwa kazi zinazofika mezani kwa afisa istilahi, zipo zinazoonekana nyepesi kabla hajaanza kuzishughulikia. Neno la kawaida, linalosikika redioni kila siku, huombewa kisawe. Afisa hufungua kamusi, huona kisawe kipo, hukiandika, kisha hulifunga jalada. Makala haya yanahusu neno la aina hiyo, na hasara iliyotokana na wepesi huo. Neno lenyewe ni lile ambalo mafundi wa Dar es Salaam hulitamka dizaini, nasi wa ofisini tumezoea kulitafsiri ubunifu.

Ingekuwa neno hilo linatumika katika matangazo ya mavazi tu, pasingekuwa na haja ya kuwachosha wasomaji. Lakini sasa limeingia darasani. Linatumika kumwelekeza mtoto wa shule ya msingi anapofundishwa kutambua haja, kupima, kuchora, kutengeneza kitu cha kuikidhi haja hiyo, na kukijaribu kama kinafaa. Dai la makala haya ni kwamba neno ubunifu haliwezi kuubeba mlolongo huo wa kazi; kwamba kulitumia kumesababisha walimu wafundishe na wapime jambo jingine; na kwamba neno usanifu, ambalo tayari tunalo, ndilo linalostahili kushika nafasi hiyo.

Kibuyu chirizi katika shule moja ya Temeke

Ni vema kuanza na kisa kilichomfanya mwandishi wa makala haya abadili mawazo yake. Alikwenda katika shule moja ya msingi iliyoko pembezoni mwa Wilaya ya Temeke, kusikiliza jinsi walimu wanavyoitumia rasimu ya orodha ya istilahi ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuiandaa. Darasa la tano lilikuwa limepewa kazi ya kutengeneza vibuyu chirizi vya kunawia mikono karibu na vyoo.

Wasomaji wengi wanakijua kifaa hicho. Dumu dogo hutobolewa tundu, likaning'inizwa kwa kamba kwenye fito iliyolazwa juu ya miti miwili yenye panda. Kamba nyingine hutoka kwenye shingo ya dumu hadi kwenye kijiti kilicho chini. Anayenawa hukikanyaga kijiti, dumu huinama, na maji huchirizika bila mkono mchafu kugusa chochote. Hapa inafaa kusema pia kwamba jina kibuyu chirizi ni mfano mzuri wa uundaji wa istilahi: maneno mawili ya Kiswahili chenyewe, umbo na tendo, na mtoto akilisikia mara moja anajua kifaa kinafanya nini.

Vikundi vinne vilileta kazi zao. Kikundi cha kwanza kilikuwa kimelipaka dumu rangi, kikachora maua na bendera ya Taifa, na kufunga utepe kwenye miti. Lilipendeza kwa hakika. Lakini dumu lilining'inizwa juu mno, na kijiti cha kukanyagia kilikatika siku hiyo hiyo. Kikundi cha tatu kilileta dumu lisilo na rangi, lenye madoa ya mafuta. Msichana mmoja wa kikundi hicho alikuwa amemwita mtoto wa darasa la kwanza, akamsimamisha kando ya fito, akatia alama ya mkaa penye kiwiko chake, na kikundi kikaning'iniza dumu kwa kuifuata alama ile. Kamba yao ya kwanza ilikuwa fupi, wakaijaribu, wakaibadili. Kifaa chao kilifanya kazi, na watoto wadogo walikifikia.

Zilipotolewa alama, kikundi cha kwanza kilishinda. Katika karatasi ya mwalimu palikuwa na safu iliyoandikwa "Ubunifu", na safu hiyo ndiyo iliyokuwa na alama nyingi kuliko zote. Yule msichana akasema, "Mwalimu, sisi tulipima." Mwalimu akamjibu kwa upole, "Ni kweli mlipima, mwanangu, lakini hamkubuni kitu."

Baada ya kipindi mwandishi alimwuliza mwalimu sababu ya uamuzi wake. Alijibu bila kusita: "Ndugu yangu, neno mmelileta ninyi. Kubuni ni kutoa jambo kichwani ambalo wengine hawakulifikiria. Wale walifikiria maua na bendera. Hawa wengine wametengeneza kama inavyotengenezwa." Hakukuwa na la kumlaumu. Alilielewa neno kama Mswahili yeyote anavyolielewa, akalitumia kwa uaminifu. Kosa lilikuwa katika orodha, na orodha ilikuwa yetu.

Majina ya somo tangu mwaka 1967

Ili tuone jinsi ubunifu ulivyopata nafasi hii, yafaa tupitie majina ambayo mafunzo ya kutengeneza vitu yamepewa katika shule zetu. Waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967 uliyapa mafunzo hayo jina la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huo huo Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa Sheria ya Bunge Na. 27. Siasa ya elimu na kazi ya istilahi, kwa hiyo, ni watu wa rika moja.

Kujitegemea ni neno lenye lengo. Halisemi mtoto afanye nini kwa mikono yake. Waraka wenyewe ulitaka wanafunzi wapange, waamue na wapime matokeo ya kazi zao. Hata hivyo, katika shule nyingi neno hilo lilipofika uwanjani liligeuka kuwa shamba, fagio na ndoo ya maji. Neno kazi lililoambatana nalo lilitumika hata kwa adhabu: mwanafunzi aliyechelewa "alipewa kazi". Kumwambia mtoto wa namna hiyo kwamba kazi ni uwanja wa kufikiri kulihitaji zaidi ya jina.

Baadaye lilikuja somo la Stadi za Kazi. Hapa neno stadi lilikuwa hatua mbele, kwa maana liliashiria umahiri unaofundishika. Lakini somo hilo lilipounganishwa na Maarifa ya Jamii katika karatasi moja ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, stadi zikawa mambo ya kusomwa na kujibiwa kwa kalamu. Katika mtaala uliotangulia huu wa mwaka 2023, lilikuwapo pia somo la Sayansi na Teknolojia. Neno teknolojia, ambalo zamani wengine waliliandika tekinolojia, limekwisha kukubalika. Udhaifu wake ni kwamba mtoto wa leo wa Mbagala au Tandale akiulizwa teknolojia ni nini, hutaja simu na kompyuta. Hataji mbuzi ya kukunia nazi iliyoko jikoni kwao, wala jiko la mkaa lililofuliwa kwa bati na fundi wa mtaa wake, ingawa vitu vyote viwili vilitokana na mtu aliyeona haja, akachagua malighafi, akakata kwa kipimo.

Mtaala wa mwaka 2023, ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024, una somo linaloitwa Sayansi, na somo jingine linaloitwa Sanaa na Michezo. Jina kuondoka si lazima maudhui yaondoke nalo. Lakini pale ambapo neno teknolojia halimo tena katika jina la somo, na sanaa imepewa mlango wake, uko uwezekano wa kazi ya kutengeneza vitu kuonekana kuwa ni tawi la urembo. Neno ubunifu, likibaki lilivyo, litausukuma mambo upande huo huo.

Katika elimu ya juu ya ile ya msingi tuna majina mengine. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imelieneza jina ufundi stadi. Shule za sekondari sasa zina mkondo wa amali, neno ambalo ndugu zetu wa Zanzibar walilitumia kwa mafunzo ya namna hiyo kabla Bara halijalichukua. Utumishi wa serikali una fundi mchundo na fundi sanifu, vyeo viwili ambavyo kila mtumishi wa idara ya ujenzi anavijua.

Tukiyatazama majina haya yote kwa pamoja, tunaona kwamba kazi, stadi, ufundi na amali yanataja mkono unaotenda, na teknolojia inataja maarifa na zana. Hakuna jina linalotaja ile fikra ya katikati, inayoiunganisha haja na kitu kilichokamilika: fikra inayopima, inayochora, inayochagua, inayojaribu na kurekebisha. Pengo hilo ndilo lililojazwa na ubunifu, kwa kuwa lilikuwa neno la karibu.

Mzigo uliolundikwa juu ya neno moja

Kanuni ya kwanza ya istilahi ni kwamba katika uwanja mmoja wa maarifa dhana moja iwe na neno moja, na neno moja liwe na dhana moja. Tuipime ubunifu kwa kanuni hii.

Katika fasihi, ubunifu ni uwezo wa mtunzi wa kuumba watu na matukio yasiyokuwapo. Mwalimu wa Kiswahili huwaeleza wanafunzi wake kwamba riwaya ni kazi ya kubuni. Katika habari za sayansi, ubunifu ni kuleta njia au chombo kipya. Ndiyo maana Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaliyoanza mwaka 2019, yalipewa jina hilo. Katika taaluma ya majengo, bodi inayosajili wataalamu wanaochora majengo inaitwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Katika mavazi tuna wabunifu wa mitindo. Na mtaani, habari ya kubuni ni habari ya uongo, na aliyebuni jibu katika mtihani ni yule aliyekisia.

Maana hizi zote ni halali, na zote zina mzizi mmoja: kutoa jambo akilini. Hakuna hata moja inayodai kwamba jambo hilo lipimwe, lichorwe, litengenezwe na lijaribiwe. Hapo ndipo ulipo ufa. Mtoto aliyekisia jibu, mtunzi wa ngano, na mtoto aliyepima kiwiko cha mwenzake wa darasa la kwanza, wote wanaingizwa katika chungu kimoja. Na anayeng'aa zaidi katika chungu hicho ni yule aliyefanya jambo la kushangaza, hata kama maji hayatoki.

Tuulinganishe upungufu huu na jinsi mataifa mengine yalivyolipanga somo lenyewe. Finland iliingiza kazi za mikono katika elimu ya msingi ya watu wote kwa sheria ya mwaka 1866, na hadi leo haijaziacha. Uingereza ilipoliingiza somo la usanifu na teknolojia katika mtaala wake wa taifa mwaka 1990, shabaha za somo ziligawanywa katika sehemu nne: kutambua mahitaji, kuandaa usanifu, kupanga na kutengeneza, na kutathmini. Hatuna haja ya kuiga mtaala wa mtu. Lakini ni dhahiri kwamba dhana inayotafutiwa jina ni dhana yenye hatua, na kila hatua yaweza kuonekana, kusahihishwa na kupewa alama. Kwa mpango huo, kikundi cha tatu kule Temeke kingepata alama katika kila hatua, na kikundi cha kwanza kingejua ni wapi kilikosea.

Kwa nini usanifu

Serikali yenyewe inaijua tofauti tunayoizungumzia. Yeyote aliyewahi kusikiliza hotuba za bajeti ya wizara inayosimamia ujenzi amesikia maneno "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina". Barabara na madaraja yetu hupita katika hatua hizo kabla mkandarasi hajaweka hata jiwe moja. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016 kuunganisha Kurasini na Kigamboni, lilisanifiwa. Hakuna mhandisi atakayesema hadharani kwamba daraja "lilibuniwa kwa kina", na kama angesema hivyo, wananchi wa Kigamboni wangekuwa na haki ya kusita kulivuka. Vivyo hivyo fundi sanifu ni mtu anayetarajiwa kusoma michoro, kukokotoa na kusimamia, si kutekeleza tu.

Neno hili si geni wala halikutungwa ofisini. Kabla Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 haijalieneza katika maana ya lugha iliyowekewa kipimo kimoja, watu wa mwambao walisema mshairi amesanifu utenzi, yaani ameupanga kwa ustadi, vina na mizani vikakaa mahali pake. Maana hiyo ya kale inatufaa sana: kusanifu ni kupanga sehemu zikae pamoja kwa kipimo, ili kitu kizima kisimame.

Zipo hoja tatu zinazotolewa dhidi ya pendekezo hili, na haifai kuzipita kimya.

Hoja ya kwanza ni kwamba sanifu tayari ina kazi katika Kiswahili sanifu na tafsiri sanifu, na kwamba mwanafunzi atachanganyikiwa. Hoja hii ina uzito, lakini sarufi inatusaidia. Katika maneno hayo sanifu ni kivumishi. Tendo la kuweka kipimo kimoja lina kitenzi chake, kusanifisha, na nomino yake, usanifishaji. Kusanifu na usanifu vinabaki huru. Tunaweza kusema bila utata: Baraza husanifisha istilahi, mhandisi husanifu daraja.

Hoja ya pili ni mazoea. Wachoraji wa majengo wamesajiliwa kwa jina la wabunifu, na magazeti yamelizoea. Makala haya hayaombi jina la bodi yoyote iliyoundwa kwa sheria libadilishwe. Mtaalamu wa majengo amesoma miaka mingi. Hata akiitwa mbunifu, anajua kwamba ndani ya jina hilo mna hesabu, mizigo na vipimo. Mtoto wa miaka kumi hana kitu kingine cha kumwongoza isipokuwa neno analopewa, na mwalimu wake, mwenye darasa lililojaa na vitabu vichache, hana cha ziada pia. Palipo na watu wasio na kinga, neno lazima liwe angavu zaidi.

Hoja ya tatu husema: kwa nini tusilitohoe dizaini, maadamu linajulikana mitaani? Hatuna ugomvi na maneno ya kutohoa. Shule, gari na meza yalikuja kwa njia hiyo, na leo ni mali yetu. Lakini ukisikiliza vizuri, dizaini ya mtaani ni sura ya nje ya kitu: dizaini ya kitanda, dizaini ya nywele, dizaini ya gauni. Tukilichukua kwa ajili ya shule tutakuwa tumelitoa tatizo mlangoni na kulirudisha dirishani.

Karakana kama ghala ya maneno

Baada ya safari ya Temeke, mwandishi alikwenda Keko, penye mafundi seremala wanaotengeneza samani kandokando ya barabara. Alikuwa na orodha yake mfukoni. Alimkuta mzee mmoja akiranda mguu wa kiti, akamwamkia, kisha akamwuliza anaanzaje kazi ya mteja.

"Mwanangu," alijibu mzee, "siku hizi mteja anakuja na picha kwenye simu. Anasema, fundi, nataka dizaini hii. Namwambia sawa, lakini picha haina kipimo. Nipeleke kwako nikaone chumba na mlango. Kitanda kizuri kisichopita mlangoni ni kuni."

Alieleza kwamba baada ya kupima hutoa ramani, yaani huchora juu ya kipande cha ubao, kisha hukata boksi kwa umbo la mguu au mgongo wa kiti ili miguu yote minne ilingane. Boksi hilo alikiita kigezo. Mwandishi alishtuka, kwa kuwa ofisini kigezo ni jambo la kufikirika, kipimo cha kuamulia ubora. Kumbe sisi tumeirithi maana ya kidhahania, na mafundi wamebaki na kitu chenyewe mkononi.

Orodha ilipofunguliwa, aibu ilizidi. Penye chombo cha chuma cha kubania ubao usisogee wakati wa kukata, tulikuwa tumeandika "kifaa cha kushikilia kazi". Mzee alicheka. "Hiyo ni jiriwa," alisema. Vijana wake walikiita vaisi, lakini jina jiriwa walilijua. Penye chombo cha kutobolea tulikuwa na "kitoboleo". Yeye alisema keekee, na vijana wakasema drili. Timazi, pimamaji, randa, patasi, tupa na msasa hayakuhitaji mjadala wowote. Yote haya yamo katika kamusi zetu. Tuliyapita kwa sababu tulianza na orodha ya kigeni na kushuka nayo, badala ya kuanza na benchi la fundi na kupanda.

Mwongozo wa uundaji istilahi unatutaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, na mwisho lugha za kigeni. Kwa kufuata njia hiyo tulipata ngeli kutoka Kihaya, neno ambalo leo hakuna mwalimu wa sarufi anayeweza kulikosa. Pengine tumeielewa njia hiyo kijiografia mno. Kiswahili chenyewe hakimo katika makabati tu. Kimo Keko kwa maseremala, kimo Mwenge kwa wachongaji wa vinyago, kimo Tandika kwa mafundi cherehani. Afisa istilahi anayeishi Kinondoni na kufanya kazi mjini hupita karibu na mabenchi hayo kila siku akiwa ndani ya daladala.

Hata hivyo, karakana haishindi kila shauri. Ramani, kwa mwanafunzi wa Jiografia, ni picha ya nchi. Tukilitumia pia kwa mchoro wa kiti, tutamchanganya. Kadhalika kigezo kimekwisha kushika mizizi katika upimaji. Mwalimu akisema katika kipindi kimoja "vigezo vya kutathmini" na "kigezo cha mguu wa kiti", watoto watapotea. Kwa boksi lile linafaa neno kiolezo, ambalo lina maana ya kitu cha kufuatisha umbo. Kazi ya afisa istilahi ni kuyasikiliza maneno ya mafundi kwanza, na kuyaamua baadaye, kwa sababu anazoweza kuzieleza.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, maneno yafuatayo yanapendekezwa kwa waandishi wa vitabu, wafasiri wa miongozo na walimu wa shule za msingi.

Hitaji: upungufu au tatizo ambalo kitu kitakachotengenezwa kinakusudiwa kuliondoa.

Usanifu: shughuli nzima ya kupanga kitu kwa kupima, kuchora, kuchagua malighafi na kuamua jinsi sehemu zitakavyoungana. Kitenzi chake ni kusanifu. Kurudia kazi hiyo baada ya jaribio ni kusanifu upya.

Mchoro wa kazi: mchoro wenye vipimo unaofuatwa na mtengenezaji. Neno ramani libaki kwa nchi, na kwa nyumba kama ilivyozoeleka.

Kiolezo: umbo lililokatwa kwa boksi, bati au ubao, la kufuatishia sehemu zinazotakiwa kulingana.

Sampuli ya majaribio: kitu cha kwanza kilichotengenezwa ili kijaribiwe kabla ya kutengeneza vingine.

Jaribio na tathmini: jaribio ni kukitumia kitu ili kuona kama kinafanya kazi, tathmini ni kuamua ubora wake kwa vigezo vilivyotajwa mapema.

Ubunifu: upya wa wazo. Neno hili lisifukuzwe darasani. Laweza kuonekana katika hatua yoyote, katika kuliona hitaji ambalo wengine hawakuliona, au katika kuitumia takataka kama malighafi. Lakini lisiwe jina la kazi nzima, wala lisipewe safu yenye alama nyingi kuliko zote.

Hitimisho

Huenda baadhi ya wasomaji wataona kwamba tumetumia wino mwingi kwa neno moja. Tuwakumbushe kwamba vitabu na miongozo ya mtaala mpya inaendelea kuandikwa na kusambazwa kadiri madarasa yanavyoingia katika mpango huo. Neno likikwisha kuchapwa katika kitabu cha kiada, hukaa humo miaka mingi, na hupita katika vinywa vya walimu ambao hawatapata nafasi ya kuuliza lilitoka wapi. Ni rahisi kulisahihisha sasa kuliko baadaye.

Mwandishi aliirudia rasimu yake, akaliondoa neno ubunifu katika mahali kumi na moja na kuweka usanifu, akalibakiza mahali pawili ambapo lilistahili. Nakala iliyosahihishwa alimpelekea yule mwalimu wa Temeke. Mwalimu aliisoma, akauliza kama ataruhusiwa kuigawa ile safu ya alama katika sehemu nne. Alipojibiwa kwamba hilo ni juu yake na mkuu wa shule, alisema ataanza na kazi ileile ya vibuyu chirizi, kwa kuwa vile vya mwanzo vimekwisha kuharibika, isipokuwa kimoja.

Walimu, wafasiri na mafundi wenye maoni tofauti, hasa wale wenye maneno ya kazi ambayo hayamo katika orodha hii, wanaombwa wayalete. Yatapokewa na kujadiliwa.